Kiingereza cha Mama

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Alhamisi mchana.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Habari za huko? Wifi na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo, kama unavyomjua, hauna ugonjwa. Cherehani yangu inazunguka, wateja wanalalamika, basi mambo ni yaleyale.

Sasa sikia. Mama anajifunza Kiingereza. Usicheke! Anataka kuongea na mjukuu wake mwenyewe, bila wewe kukaa katikati. Mwalimu wake ni yule mama wa duka la dawa hapo chini, humfundisha mchana wateja wakipungua.

Mwalimu kaamua waanze na kitenzi kimoja tu, “take”, eti ukikishika hicho umeshika nusu ya lugha. Mama akaja juu. Kumbe wenye lugha yao dawa wana-take, mabasi wana-take, picha wana-take, hata kuoga nako wana-take!

“Sisi tunameza, tunapanda, tunapiga, tunaoga,” akaniambia. “Hawa kila kitu wanachukua tu. Kwani hawarudishi?”

Nikamwambia akamuulize mwalimu wake, mimi ni fundi cherehani.

Basi kabandika vikaratasi vya “take” nyumba nzima ili asisahau. Kopo la dawa lina karatasi, kiti cha wageni kina karatasi, ndoo ya kuogea ndiyo usiseme, wino wote umechuruzika. Juzi mteja aliyekuja kupima gauni aliuliza kama kweli kile kiti kinagawiwa bure.

Nije kwenye lililonifanya niandike. Jumamosi ulipopiga simu, mtoto alianza kumsalimia bibi yake. Kigugumizi kikamshika neno la kwanza tu, nawe hapohapo ukamnyang'anya simu: “Anasema anakupenda, mama.” Ndivyo unavyofanya kila mara. Mama alikuaga vizuri, akakata simu, akakaa. Halafu akasema hajawahi kumsikia mjukuu wake akimaliza sentensi. Iliniuma, sikufichi.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu na swali lake mwenyewe: unamwambiaje mtu asiwe na haraka, kwamba wewe upo, utamngoja? Akapewa kitenzi kilekile: “Take your time.” Tangu hapo anayarudia maneno hayo akikatakata mboga, akipanda ngazi, mpaka mimi nimechoka kuyasikia.

Kwa hiyo ukipiga tena, mpe mtoto simu, kisha utoke chumbani. Akikwama, usirudi. Wakinyamaza wote wawili, usirudi. Mama hana pa kwenda.

Najua unamwonea mwanao huruma. Unaogopa achekwe kama ulivyochekwa wewe. Pengine umesahau, maana siku hizi unaongea kama redio, lakini kigugumizi kilikuwa kinakukaba mpaka machozi yanakutoka, na nyumba nzima tulikuwa tunakumalizia maneno. Mama peke yake hakukumalizia hata moja. Alikuwa anauweka mwiko chini, anakutazama, anangoja.

Baba mdogo anakusalimu, na mwalimu wa mama pia, ingawa hamjuani. Nisalimie wifi sana. Mungu awafunike nyote watatu, na amfungulie binti yetu ulimi kwa wakati wake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukaripia.