Dua ya Mkono Wangu

Ame, usicheke. Leo mama kasomesha dua ya kushukuru kwamba mkono wangu, ule uliovunjika nilipoanguka na baiskeli, umepona. Shehe yupo, pilau ipo, kijiji kizima cha Msuka kipo. Mgonjwa tu hayupo.

Marehemu mtarajiwa, yaani mimi, alikuwa anateremka na baiskeli. Kilima kile kile nilichoangukia, Ame!

Nikakamata breki, vidole vya mkono ule havikukaza. HAVIKUKAZA. Nikajitupa kichakani nisije nikamgonga jirani yetu Bi Masika na sinia lake la pilau.

Nimeingia uani na matope hadi masikioni, watu ndiyo kwanza wanaitikia amin.

Mama hakunigombeza. Kanitia kidole chake kwenye mkono ule ule, akasema, "Kibane." Nikakibana. Akasema tena, polepole, "Kibane, mwanangu."

Ame, nilikuwa nakibana kwa nguvu zangu zote.