Kijiti Kando ya Ziwa

Jumamosi, 9 Mei
Nimepitia kwa Mama, Dunga, kando ya ziwa. Nimepima tena. Kutoka kijiti hadi maji ni hatua zile zile za wiki jana. Nilikichomeka mwenyewe mvua zilipoanza na ziwa kuanza kupanda. Tulipatana: maji yakikifikia, Mama anahama. Nimefurahi. Nimekula samaki wake bila wasiwasi.

Jumatatu, 11 Mei
Kidato cha tatu na maswali yao. Nimewaambia ulimwengu unatanuka, galaksi zinazidi kuachana. "Mwalimu, unatanuka ukienda wapi?" Hauendi popote, nafasi yenyewe ndiyo inaongezeka. Wamecheka. Sipendi kuchekwa, hasa nikiwa sielewi vizuri mwenyewe.

Kisha maada ya giza. Nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi mno, zingekuwa zimetawanyika zamani. Kuna kitu kizito kinazishika. Hakitoi mwanga. Hakuna aliyekiona.

"Sasa mlijuaje kiko?"

Kwa kuangalia vitu vinavyokataa kuondoka, nimejibu. Angalau hilo wameliandika daftarini.

Alhamisi, 14 Mei
Mvua kutwa. Nimemsihi Mama kwa simu aje kwangu Migosi. Hawezi, hiyo ni nyumba ya mkwe wake, na kwa mila yetu mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe. Mume wangu yuko tayari kulala kwa rafiki yake hata mwezi mzima. Mama hataki kusikia. Boma jipya hawezi kulianzisha peke yake, lazima mwanawe wa kiume atangulie. Na kaka yangu Ouma yuko Nairobi, kila siku "nakuja". Tena kuna kaburi la Baba uani. Nimekasirika hadi nikakata simu.

Jumamosi, 16 Mei
Nimepima. Hatua zile zile. Nikageuka kuitazama nyumba. Kijiti kimesimama karibu na kaburi. Nilipokichomeka kilikuwa chini kabisa, kwenye matete.

Mama amekuwa akikihamisha. Kila maji yakisogea, naye anakisogeza. Mimi, mwalimu mzima wa fizikia, nimekuwa nikipima upande mmoja tu, ule wa maji. Mjinga!

Nimemuuliza. Hakuona haya hata kidogo.

"Nyathina, mwanangu, mimi nikitoka hapa, baba yako atabaki na nani?"

Naogopa. Naogopa hata sasa nikiandika.

Jumatatu, 18 Mei
Kiboko ameingia kwenye mboga za sukuma za jirani. Choo cha Mama kimezama. Bado anafagia ua, ule uliobaki. Nimempigia Ouma, nikalia bila aibu. Anasafiri kesho.

Darasani sikufundisha kitu cha maana.

Alhamisi, 21 Mei
Ouma alifika juzi jioni. Jana alfajiri alitangulia na jogoo na shoka, kama mila ya kufungua boma inavyotaka, hadi shamba letu la juu, karibu na barabara. Mafundi wakasimamisha kibanda cha mabati. Mama alimfuata. Usiku maji yaliingia nyumba ya zamani.

Leo nimemkuta mzima. Amekunywa chai, ameulizia wajukuu. Kutoka hapa juu panaonekana paa la nyumba ya zamani na maji, basi. Kaburi limefunikwa, hata msalaba wake.

Nilimwekea kiti mlangoni kikielekea barabarani, aone watu wakipita. Niliingia kuosha vikombe. Nilipotoka alikuwa amekigeuza, anatazama pale pale kaburi lilipokuwa.