Kitambaa Alichokifua Shemeji Yako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za mgeni wetu wa wiki sita ambaye bado hajui kusalimu ila kwa kulia. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema sufuria za kambi zinataka watu wawili kuziinua. Mtafute basi huyo wa pili, usijifanye kijana. Sisi huku ni wazima. Usingizi tumeusahau, lakini hatuna la kulalamika.

Asante sana kwa ile barua ya maelekezo ya kumzoesha mbwa wako Mkaguzi na mtoto. Kwanza nilicheka, mtu asiye na mtoto wala mke kunifundisha ulezi. Kisha nikaibandika ukutani juu ya cherehani yangu na kuifuata neno kwa neno. Mimba ilipofika miezi saba tulianza kuusogeza mkeka wa Mkaguzi kutoka chumbani, kidogo kidogo, mpaka ukafika ukumbini, asije akaona mtoto ndiye aliyemfukuza. Shemeji yako akashika zamu ya kumtembeza asubuhi. Hata furushi la vitambaa nililibeba begani na kulibembeleza mbele yake, wateja wangu wakaanza kunitazama kwa huruma.

Nilipojifungua, nilimkabidhi shemeji yako kitambaa cha kwanza alichofunikwa mtoto, akakipeleke nyumbani Mkaguzi akinuse, kama ulivyoagiza. Siku ya pili tukarudi. Mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto ili mimi niingie mikono mitupu nimsalimie mbwa kwanza. Alinifurahia nusura aniangushe. Kisha akamsogelea mtoto, akanusa, manyoya ya shingo yakamsimama, akanguruma. Mama mkwe alipanda juu ya kiti na mjukuu wake kifuani. Akasema mbwa yule aondoke, la sivyo ataondoka yeye na mtoto.

Tulijitahidi wiki nzima. Mtoto akilia, Mkaguzi anabweka. Mkaguzi akibweka, mtoto anazidi kulia, na mama mkwe anaanza kufungasha. Maji yalinifika shingoni.

Sasa kaka, kaa chini. Katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba Mkaguzi hajambo na anakusalimu. Nilikudanganya. Siku niliyoyaandika maneno hayo hakuwa kwangu. Nilikuwa nimempa mlinzi wa ghala la mbao. Uliniachia amana, nami nikaitoa bila kukuuliza. Kamba nilimfunga mimi mwenyewe, naye akatulia akidhani tunakwenda kutembea. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu imeishia hapa.

Siku ya tatu tangu nimtoe mbwa, shemeji yako alikuwa akipiga pasi nguo za wateja. Unamjua na udobi wake, doa likipita mbele yake hapati raha. Aliiweka pasi pembeni akanitazama.

"Mke wangu," akasema, "kile kitambaa nilikifua."

Nilimuuliza kitambaa kipi. Cha mtoto, akasema. Kilikuwa na doa la maziwa, na yeye aliona aibu kumpa mbwa kitu kichafu. Basi alikifua kwa sabuni, akakisuuza mara tatu, akakipiga pasi, akakikunja vizuri, ndipo akampa. Kumbe Mkaguzi alikuwa amenusishwa sabuni. Tulimletea mtu asiyemjua kabisa, halafu tukamhukumu kwa kushangaa.

Nilicheka mpaka nikalia, na kilio ndicho kilichodumu. Nilichukua kitambaa cha mtoto cha siku ile, na uchafu wake wote, nikaenda ghalani. Mlinzi, Mungu ambariki, hakubishana nami. Alisema mbwa hajala tangu aje, analala tu langoni. Nilichuchumaa nikamnusisha. Alinusa muda mrefu, kisha akaniegemea gotini. Mimi niliyemfunga kamba, kaka.

Tukaanza upya nyumbani: mimi na mtoto upande huu wa chumba, shemeji yako na mbwa upande ule, kila siku hatua moja karibu, na mama mkwe mlangoni na ufagio wake. Siku ya kumi alinusa vidole vya mtoto akajilaza chini. Bado hatuwaachi wawili peke yao, lakini ufagio umerudi jikoni, na juzi nilimsikia mama mkwe akimnong'oneza mbwa kwamba mwenzake kalala.

Asante kwa kuniachia mbwa mwenye moyo kuliko mimi. Nisamehe. Najua mkataba wako ukiisha utakuja kumchukua, na mtu aliyemtoa kwa mikono yake hana haki ya kuomba lolote. Naomba hivyo hivyo: njoo umwone mpwa wako, ukae upendavyo, ila Mkaguzi utuachie. Ukikataa sitanuna. Nitamfunga kamba mwenyewe kwa mara nyingine, na safari hii nitakuwa namkabidhi kwa mwenyewe.

Wote hapa wanakusalimu, na mgongo wako tunauombea.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mama wa mpwa wako