Filimbi Iliyochelewa

Quakers Hill, Sydney
Jumapili jioni

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi kutoka kwa mtoto wako wa mbali. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imeanza kupungua, na kazini wazee ninaowahudumia wananisumbua kama kawaida yao. Mmoja hataki kuoga, mwingine akishaoga asubuhi anadai hajaogeshwa tangu wiki iliyopita. Nacheka nao, siku zinapita.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, tuambiane ukweli. Kila tukizungumza na kugusia habari za Wafula, wewe unanyamaza na mimi nasema mtandao umekatika. Mtandao haujawahi kukatika. Ni mimi ninayekata simu, halafu nakaa kitandani nikilia. Kwenye karatasi hakuna pa kubonyeza, kwa hiyo leo nitasema hadi mwisho.

Kwanza nikueleze yaliyonipata jana, na tafadhali usicheke kabla sijamaliza. Unamkumbuka yule bibi niliyekuwa nikimuuguza nyumbani kwake, Bi Joan, mwenye mbwa weusi wakubwa kama ndama? Mbwa wale hufundishwa kuokoa watu majini, na huku wana mashindano yao ziwani. Bi Joan alikuwa mwamuzi. Miguu ilipokataa kabisa, nikawa namsukuma kwenye kiti chake hadi ukingoni, namshikia mwavuli, naye ananieleza lipi ni kosa na lipi si kosa. Kabla hajafariki alinikazania nifanye mtihani wa uamuzi, nikapita. Nilipokupa habari hiyo uliniuliza, "Kwa hiyo nilikusomesha uuguzi ukawape mbwa maksi?" Niliwasimulia Wakenya wenzangu kanisani, wakacheka mpaka machozi. Ndiyo, Mama, nawapa mbwa maksi, na sina mchezo nao.

Baada ya Wafula kwenda na maji nilidhani nitaacha. Watu waliniuliza, mtu aliyempoteza ndugu mtoni anafuata nini tena ziwani? Nadhani nilitaka tu kuona mtu akiinua mkono majini na kiumbe fulani kikaenda kumchukua.

Basi jana tulikuwa ziwani, na Mama Furaha alinisindikiza. Huyu ni Mkongo, anakaa Mount Druitt na tunafanya kazi pamoja. Mbwa anawaogopa kama simba, ila safari yenye chakula haimpiti. Zoezi la mwisho huwa hivi: mtu anaogelea hadi mbali, anainua mkono na kupiga kelele kama anayezama. Mbwa anatumwa na kamba mdomoni. Akimfikia, mtu anashika kamba na mbwa anamvuta hadi nchi kavu. Mwenye mbwa haruhusiwi kumwita arudi mpaka mwamuzi apulize filimbi. Akimwita kabla ya hapo, mbwa wake ameshindwa. Na filimbi ni ya mwamuzi peke yake, hakuna mwingine anayeigusa.

Wa mwisho alikuwa Molly, jike lililoanza kuzeeka, la mzee mmoja mpole anayeitwa Ken. Mwanamke aliyekuwa akijifanya anazama aliinua mkono, Molly akatumwa. Akiwa njiani, mguu wa yule mwanamke ukakakamaa kwelikweli. Boti ya usalama ikamwendea upesi, ikamtoa na kumpitisha upande wa pili. Hakuumia. Lakini Molly hakuona hayo. Alifika palepale mtu alipokuwa, na hakuna mtu.

Akaanza kuzunguka. Anazunguka, anasimama kidogo kusikiliza, anazunguka tena, na ile kamba mdomoni.

Mama, nilipaswa kupuliza mara moja. Filimbi ilikuwa tayari kwenye midomo. Sikupuliza. Nilichokuwa nikikiona ni Mto Nzoia, jinsi kijana wetu Wanjala alivyonionyesha kwa video ya simu siku zile: maji mekundu, wanaume wa kwetu na kamba zao wakitafuta ng'ambo na ng'ambo, na wewe umekaa kwenye jiwe, leso kiunoni, umekataa kwenda kula. Na sauti yangu inatoka kwenye simu, "Msiache. Tafadhali, tafuteni tena." Mimi nimekaa kwenye kiti Sydney, natuma watu majini. Jana vilevile. Nilikuwa na hakika kwamba mbwa akizunguka mara moja zaidi atampata. Sijui hata nilitaka ampate nani.

Mzee Ken alikuwa ananitazama. Angeweza kumwita, lakini alikuwa anaheshimu sheria, na mimi ndiye sheria. Kichwa cha Molly kilikuwa kimeanza kushuka, maji yanamfika machoni. Mama Furaha ndiye aliyenishika mkono. "Dada, unangoya nini? Ile imbwa inachoka, itakufa! Piga!"

Nikapuliza. Mzee Ken akaita kwa nguvu zake zote, na Molly akageuka. Alipofika mchangani alianguka, lakini hakulala. Alielekeza kichwa ziwani na kutetemeka, macho palepale. Walimfunika taulo, wakampa maji, hakuyatazama. Ndipo yule mwanamke akaja akichechemea, angali amelowa, akakaa chini karibu naye. Molly akamnusa mikono, akamnusa nywele, akaweka kichwa kwenye paja lake na kufumba macho.

Nilimwomba Mzee Ken msamaha. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Hawa hawajui kuacha wenyewe. Ndiyo maana kuna filimbi." Nilikwenda nyuma ya gari nikalia kwa sauti, na Mama Furaha akanishikilia bila kuuliza, maana naye ana watu wake ambao hawakuonekana.

Usiku kucha nimekuwa nikifikiria jambo moja. Mama, sijakulinganisha na mbwa, Mungu anisamehe. Lakini tangu mvua za mwaka juzi ninyi nyote mnazunguka majini kwa sababu ya neno langu. Baba mdogo Simiyu aliniambia mapema kwamba mtu asiyeonekana huzikwa kwa mgomba, shina lake likalazwa kaburini badala ya mwili, na kwamba mimi kifungua mimba nikikataa, hakuna atakayeshika jembe. Nikakataa. Nikasema bila mwili hakuna kaburi, na kwamba mgomba ni mgomba. Nilijiona nampenda Wafula kuliko ninyi. Kumbe wewe huko unalala mlango haujafungwa, eti asije akakuta komeo. Uliniambia mara moja tu, "Nimechoka kulala na mlango wazi, mwanangu." Nikasema mtandao umekatika.

Yule mbwa alitulia alipowekewa mtu wa kunusa. Wewe sina wa kukuletea, Mama. Ningekuwa naye ningekuletea hata kwa miguu. Sasa naona ule mgomba ni wa nini.

Kwa hiyo mwambie Baba mdogo kwamba nimekubali. Auchukue ule wa nyuma ya jiko, ambao Wafula mwenyewe aliupanda na kututambia kwamba mkungu wake hautabebwa na mtu mmoja. Muuvishe shati lake la kijani, mlichague lile lililochakaa kwenye kola, si lile jipya, jipya hakulipenda. Achimbiwe kando ya Baba. Ruhusa kazini sijapata, sitafika, na hilo litaniuma hadi nizeeke. Lakini najua kabla ya kuzika mtu hushuka mtoni kumwita aliyepotea kwa jina lake mara ya mwisho, na kwamba hiyo ni kazi ya mkubwa wake. Wanjala ashike simu juu ya maji. Nitamwita mimi mwenyewe aje nyumbani, kwa sauti ileile niliyokuwa nikimwitia chakula. Siku hiyo mtandao hautakatika.

Msalimie Baba mdogo Simiyu, na umwombe asininunie kwa kumchelewesha. Msalimie shangazi Naliaka, ndiye ashone sanda, mkono wake ni mwepesi. Wanjala mwambie ahakikishe simu ina chaji. Mke wa Wafula mshike kwa niaba yangu, umwambie sasa anaweza kuitwa mjane na kuomboleza kwa heshima, asiendelee kuulizwa mumewe amekwenda wapi.

Na wewe, Mama, mkitoka kaburini jioni hiyo na watu wakishatawanyika, usikae sana nje. Ingia ndani, funga mlango, utie komeo. Mwanao ameshaingia.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Nekesa