Baba Yako na Vyakula vya Kumenya

Nyumbani kwa baba yako,
kwenye meza ya jikoni.
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu, pamoja na za baba yako, ambaye sasa hivi yuko uani anafagia mahali alipokwisha kufagia asubuhi. Hujambo? Mkwe wetu hajambo? Na yule mjukuu mkubwa, kikohozi kimemwacha? Uliandika kwamba kilikuwa kinaamsha nyumba nzima. Mpe maji ya uvuguvugu na umwinue kichwa kwa mto wa pili anapolala. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linafanya kazi siku linazotaka lenyewe.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Uliniomba nimtoe baba yako nje kila Jumamosi, nimpeleke mahali pa karibu pasipo na gharama kubwa, ale na watu, achangamke. Ukaniuliza pia kama kweli anakonda au ni simu tu inayomwonyesha hivyo. Na ukasema mambo yasipobadilika kufikia mwezi wa nane utakuja kumchukua, nyumba hii ipangishwe.

Nisikuweke roho juu. Anakonda. Mkanda wake ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari, na la pili limekwisha kulegea. Hayo mengine nitakueleza kwa mpangilio wangu, maana unanijua. Nimefundisha biolojia miaka thelathini na sita, siwezi kutoa hitimisho kabla ya kusema nilichokiona.

Mahali pa kwenda hapakosekani mtaani kwetu, wala hapahitaji mfuko mzito. Kuna uwanja wa mpira nyuma ya shule, ambako Jumamosi unatazama mechi mbili bure, ukipenda kukaa kwenye majani. Kuna kile kitalu cha miche ya maua karibu na tangi la maji. Mwenye kitalu ameweka mabenchi chini ya wavu wa kivuli, na mke wake anauza chai. Unaweza kukaa hapo saa tatu kwa kikombe kimoja bila mtu kukutupia jicho. Na vya kula viko kila kona kuanzia posta hadi kituo cha basi. Nilidhani kazi yangu itakuwa kuchagua tu.

Jumamosi ya kwanza nikampeleka kwa Mama Sahani, nyuma ya posta. Anatoa wali, mboga na kipande cha nyama, na sahani inajaa kweli, ndiyo maana ya jina lake. Mimi nikaingia kwa mlango wa mbele, nikakaa. Nageuka, baba yako hayupo. Miaka thelathini na moja ya ubwana afya imemzoesha kuingia mgahawani kupitia nyuma. Nikasikia sauti jikoni.

“Mzee, mlango wa wateja uko mbele.”

“Wa mbele nimeuona. Nataka kuona maji machafu yanakwenda wapi.”

“Si ulistaafu wewe?”

“Mimi nimestaafu. Maji machafu hayajastaafu.”

Wateja walicheka, hata Mama Sahani alicheka. Baba yako alikuja akakaa mbele ya sahani iliyojaa, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma mkataba. Kisha akatoa chungwa mfukoni, akalimenya taratibu, akala. Wali nikafungiwa nikaenda nao nyumbani.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa mkaanga samaki wa kituo cha basi. Alimhubiria rangi ya mafuta kwa sauti ileile ya semina. Wateja wawili wakarudisha samaki waliokuwa wamekwisha kuwachagua. Yule kijana alinivuta pembeni kwa adabu akasema, “Mama, ukimleta tena, mimi nitamuuzia nani?” Ya tatu tukaenda kwenye kitalu. Akanywa chai isiyo na maziwa, na mfukoni likatoka yai la kuchemsha.

Sasa hapa nakiri kosa langu. Nilikuwa nimekwisha kujiandikia jibu kichwani: huzuni. Miezi saba tangu mama yako atutoke, nyumba kimya, mwanamume aliyezoea kupikiwa. Nilimbembeleza kama mjane anavyobembelezwa. Nikamwambia hata marehemu angependa ale. Aliniitikia, “Ndiyo, dada,” na kesho yake ndizi.

Ningewakemea wanafunzi wangu kwa uzembe huo, kwa sababu ushahidi ulikuwa kwenye ndoo ya takataka. Nilihamia chumba chako cha zamani mwezi uliopita ili nimwangalie kwa karibu, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemwaga ndoo. Maganda ya mayai. Maganda ya ndizi, ya machungwa, ya karanga. Hakuna kingine. Mtu mwenye huzuni hali chochote, au anakula ovyo. Huyu alikuwa anachagua. Alikula kila kitu kinachomenywa, na hakugusa chakula kisicho na ganda.

Jumatano ya wiki iliyopita niliweka maziwa jikoni. Nilikuwa nimeyasahau nje ya friji, na yalipopata moto yakakatika. Harufu ilinifikia sebuleni nikakimbia, goti na yote. Baba yako alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye jiko, anasoma gazeti. Mwanangu, unakumbuka jinsi alivyokuwa akijua maziwa yamechacha akiwa bado getini? Hakuinua hata kichwa.

Nikazima jiko. Nikamuuliza, “Husikii harufu?”

“Ya nini?”

Nikamsogezea sufuria puani. Alivuta pumzi, akatazama pembeni. Nikajua. Nikakaa chini, yeye akakunja gazeti mara nne, na mambo yakaanza kutoka.

Pua yake ilikufa na ile homa ya miaka mitatu iliyopita. Ikapona homa, pua haikurudi. Nikueleze kidogo, maana watu hulichukulia jambo hili kama dogo. Ulimi peke yake unajua mambo machache: tamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu. Mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Fumba macho, bana pua, mwambie mkwe wetu akutie mdomoni kipande cha tufaha kisha cha kitunguu. Utaona tabu ya kuvitofautisha. Kwa baba yako kila chakula ni hivyo, na juu yake ana hofu ambayo mimi na wewe hatuna. Maisha yake yote ameona wanaolazwa kwa sababu ya sufuria moja iliyochacha. Anajua hasa kinachoweza kuwa ndani ya sahani, na kile kilichokuwa kinamwonya hana tena.

“Kitu chenye ganda nakiona kwa macho,” aliniambia. “Yai nalitia kwenye maji. Likizama nalichemsha. Likielea natupa. Wali nitautia kwenye nini?”

Nikamuuliza basi kwa ile miaka miwili na zaidi kabla ya msiba alikuwa anakulaje. Akasema, “Mama yao alikuwa anaonja.”

Wewe utakumbuka ulipokuja na mkwe wetu likizo ile ya mwisho, jinsi mama yako alivyokuwa akichota kijiko cha kwanza kwenye sahani ya baba yako kila mlo, kisha anamsukumia na kusema, “Kula.” Tulimcheka karibu sisi sote. Wewe ndiye uliyembandika jina la Mama Kijiko, na mimi nikasema mezani kwamba ndoa ya miaka arobaini haijamtosha, mpaka ale na chakula cha mume. Naye alicheka pamoja nasi. Hakutuambia kitu, kwa sababu baba yako alimwomba asiseme.

Na sababu ya siri ndiyo inayomtafuna kuliko njaa. Alikuwa bado kazini. Miezi kumi ya mwisho kabla ya kustaafu alikagua majiko bila pua, kwa macho na mazoea. Aliogopa ofisi ikijua itamwondoa kabla ya siku yake. Anasema hakuna aliyeugua, na nadhani ni kweli. Lakini kuna yule mwanamke wa kibanda cha maharage, jirani na fundi cherehani. Baba yako alikuta povu juu ya sufuria. Mwenye pua angejua mara moja kama ni povu la kuchemka au la kuchacha. Yeye hakujua, akaogopa, akambandikia karatasi mlangoni mbele ya wateja. Kibanda kilifungwa miezi mitano.

Nilimpeleka kwanza kwa daktari, Ijumaa. Daktari alimpima uzito akaguna. Akasema pua baada ya miaka mitatu huenda isirudi, na kwamba dawa ya kwanza ni kula vizuri, tena pamoja na watu. Njiani tukirudi baba yako alitangulia mbele yangu hadi kwa fundi cherehani. Akasimama. Akasema, “Kesho tuje hapa.”

Basi jana tukaenda. Kibanda sasa kina meza tatu, zamani zilikuwa saba. Mwenyewe alikuwa anafuta sufuria. Alipomwona baba yako aliiweka chini, akanyoosha mgongo.

“Bwana Afya. Umesahau karatasi nyingine?”

“Nimekuja kukuambia jambo.”

Akamwambia lote, amesimama, kofia mkononi. Pua, homa, povu, hata habari za mama yako na kijiko. Sijawahi kumwona mdogo wangu akiongea hivyo, na sikumsaidia hata neno moja. Yule mama alisikiliza akiendelea kukunja kitambaa.

“Miezi mitano,” akasema. “Mwanangu alikaa nyumbani muhula mzima. Na nilipofungua, watu wakawa wanapita mbele yangu wanasema pale paliwahi kufungwa na Bwana Afya mwenyewe.”

“Najua.”

“Hujui. Ulikuwa unapita upande wa pili wa barabara.”

Mimi nilikuwa najiandaa kuondoka na baba yako. Yule mama akaisogeza meza moja mpaka nje, karibu na barabara, akaweka kiti.

“Ulinifunga mbele ya watu,” akasema. “Sasa kaa hapo ule mbele ya watu. Kila Jumamosi. Na utalipa kama wengine.”

Akapakua. Sahani ikatua mezani, wali na maharage, moshi unapanda. Baba yako akashika kijiko na mkono ukabaki hapohapo. Watu walikuwa wanatoka sokoni na mifuko yao, wengine wanamfahamu, wanapunguza mwendo. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Mkono wa kushoto ukaanza kushuka mfukoni, na nilijua mle kuna yai.

Nikamnyang'anya kijiko. Nikachota, nikala. Yalikuwa maharage mazuri, mwanangu, yameiva, yana kitunguu cha kutosha. Nikamrudishia kijiko, nikamwambia, “Kula.”

Akala. Kijiko baada ya kijiko, bila haraka, macho yake barabarani. Alifika nusu ya sahani akasimama, na yule mama alipokuja kuchukua aliitazama ile nusu, hakusema ahsante wala karibu tena. Alisema tu, “Jumamosi.” Sidhani kama amemsamehe. Sijui kama atamsamehe.

Sasa hitimisho langu, na nisomee vizuri. Nusu sahani kwa wiki haimrudishii mtu mwili. Hapa nyumbani namwonjea mchana na jioni tangu jana, na anakula kidogokidogo, lakini mimi ni dada yake mkubwa, nina sabini na nne, na goti nimekwisha kukuambia. Siku moja kijiko hiki kitahitaji mkono mwingine. Ndiyo maana sikuambii usije.

Ila uliniandikia wewe mwenyewe kwamba huko kwenu kila mtu anakula kwa saa yake, wewe ukirudi kazini, mkwe wetu akitoka zamu, watoto mbele ya televisheni, na chakula kiko kwenye friji kila mmoja anajipashia. Sikulaumu, maisha yamekaa hivyo. Lakini ukimweka baba yako mbele ya friji hiyo, atafunga mlango wake polepole na kwenda kununua ndizi. Nawe utarudi jioni utaona maganda na kusema angalau amekula.

Kwa hiyo njoo mwezi wa nane kama ulivyopanga, lakini usije na tiketi yake. Njoo na mkwe wetu na watoto. Nitawapeleka uwanjani, na kitaluni kunywa chai chini ya wavu, na Jumamosi tutakaa kwenye ile meza ya nje. Hapo utaangalia kama unaweza kumwonjea kila siku, kisha sisi watatu tutaamua. Usimwulize kuhusu pua. Anajua kwamba nakuandikia, na amekubali, ila amesema asilione jambo hilo usoni mwako.

Nisalimie mkwe wetu sana, mwambie siku ile nilipotania kuhusu Mama Kijiko na yeye akanitazama bila kucheka, nadhani yeye peke yake aliona. Wasalimie wajukuu wote wawili, yule wa kikohozi na yule Kiroboto asiyetulia. Dada yako nitampigia simu mwenyewe. Baba yako anakusalimu, ameingia sasa hivi kuuliza kama karatasi haijaisha.

Mungu awafunike huko mliko, awape afya, na awakalishe meza moja japo mara moja kwa siku.

Ukifika, usimkumbatie kwanza wala usimpe zawadi. Kaa ubavuni pake, chukua kijiko chake, onja, kisha umwambie neno lile la mama yako.

Mimi niliyekubeba mgongoni na hadi leo sijakushusha moyoni,

Shangazi yako.