Keria Iko Chini ya Kitanda

Shangazi yangu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, maana mke wangu anapika mikate ya kuuza na huchukua kwa muuza magazeti yale yaliyobaki ili afungie, nami huchomoa ukurasa wako kabla haujazungushwa kwenye mkate, yeye mwenyewe hana muda wa kusoma. Naomba unitoe hapa nilipokwama, usingizi umenikimbia.

Mimi ni karani, nina kazi yangu ya heshima, lakini pikipiki ninayoendea kazini ndiyo ile ile anayosambazia mikate mke wangu alfajiri, ina keria kubwa ya chuma nyuma kama kitanda cha mtoto na inanuka hamira, basi wenzangu ofisini wamenibandika jina, wananiita Bwana Mkate, na hao hao saa ya chai wananunua mikate ya mke wangu na kuitafuna wakinicheka, hata mhasibu wetu, mama mtu mzima, anacheka, sasa mwezi uliopita nikapita kwenye duka la pikipiki nikaona moja nyekundu, Shangazi, tangi linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, nikaingia kuuliza tu, haki ya Mungu kuuliza tu, muuzaji akanipokea, "Karibu bosi, kaa bosi," akaniletea soda baridi, akasema ile kuukuu yangu wataichukua na mimi niongezee kidogo juu yake, akanipandisha kwenye nyekundu, akanipiga picha, nikaituma kwenye kundi la ofisini, hongera zikamiminika, na siku hiyo hakuna aliyeniita Bwana Mkate.

Baada ya hongera ndipo muuzaji akatoka nje kuitazama kuukuu yangu, akaizunguka kimya kimya, akabonyeza tairi, akaguna, "Bosi, keria hii inaonyesha chombo kimetumikishwa kama punda, bei inashuka," basi nikaenda nyumbani nikaifungua keria kwa spana, nikaisukuma chini ya kitanda, mke wangu nikamwambia iko kwa fundi inachomelewa, nikarudi dukani na pikipiki imeoshwa inameremeta, yule bwana akaizunguka tena, akaguna tena, "Bosi, mbona haina keria? Wanaonunua kuukuu ni watu wa mizigo, bila keria bei inashuka," akaniomba ufunguo aikague vizuri, nikampa, na mpaka leo ufunguo uko kwake na pikipiki iko kwake, kila nikienda naambiwa bado inakaguliwa, huku mke wangu anasambaza mikate kwa miguu, beseni kichwani, akidhani pikipiki nzima sasa iko kwa fundi, na juu ya hayo muuzaji anataka mke wangu aje asaini, kwa kuwa ndiye aliyeinunua na kadi ya pikipiki ina jina lake.

Shangazi, nifanyeje huyu bwana apandishe bei ya kuukuu yangu, na nimwambie nini mke wangu asaini bila maswali mengi? Nikirudi nyuma ofisini patakuwa hapakaliki.

Ni mimi, Bosi Aliyekwama.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, bosi. Nakuita bosi kwa sababu ndilo jina ulilouziwa, nawe ukalinunua kwa soda moja.

Barua yako nimeisoma chai ikanipoa mkononi. Unauliza jinsi ya kupandisha bei ya "kuukuu yangu". Yako tangu lini, baba? Kuku wa jirani humuuzi halafu ukaja kuniuliza bei ya kuku. Pikipiki ni ya mkeo, kwa jasho lake na kwa jina lake, wewe ni abiria unayepewa usukani jua likishachomoza.

Muuzaji simlaumu sana. Kazi yake ni kununua rahisi na kuuza ghali, nawe umemlainishia kazi. Ukija na keria, bei inashuka. Ukija bila keria, bei inashuka. Ungempelekea pikipiki yenye mabawa angekwambia mabawa yanakula mafuta. Yule hakuwa anaitazama pikipiki hata kidogo, alikuwa anakutazama wewe ulivyokumbatia usukani wa nyekundu ukisubiri kupigwa picha, akajua huyu ameshanunua, kilichobaki ni kumkamua. Na ufunguo ukampa! Utamwambiaje "naenda duka jingine" na huna cha kuendea?

Nyekundu hiyo uliitazama tangi. Nyuma ulitazama? Mikate ataipakia wapi, kwenye vioo vya pembeni?

Sasa nikwambie kilichoniudhi, sikufichi. Mwanamke anatoka giza halijaisha, beseni kichwani, shingo inamuuma, jioni anajitupa kitandani amechoka, na keria aliyoitengenezesha kwa kazi hiyo iko hapo hapo chini ya mgongo wake. Nawe umelala pembeni unaniandikia mimi kwamba huna usingizi! Unaogopa kicheko cha watu wanaoshiba kwa mikono ya mkeo. Aibu gani iko kwenye harufu ya hamira, na ndiyo inayokulisha? Mshahara wako wa heshima ungekuwa unatosha, usingekuwa unaazima pikipiki.

Basi sikiliza. Leo, sio kesho, nenda dukani ukachukue ufunguo. Usikae kwenye kiti, soda usiiguse, na nyekundu usiitupie hata jicho. Sema, "Naomba ufunguo wangu," kisha funga mdomo, unyooshe mkono. Akikuita bosi, zidi kuunyoosha. Ukifika nyumbani vuta keria, ipanguse vumbi, uifunge na ukaze kila nati kwa mkono wako mwenyewe, halafu mwite mkeo umweleze yote, mpaka ya picha. Atafoka. Mwache afoke, ana haki yake.

Akiona mwenyewe kwamba pikipiki yake imechoka, biashara ataifanya yeye. Mtu anayevutana bei na wauza unga wa ngano kila wiki halainishwi kwa soda. Atafute kwanza mtu wa mizigo anayeitaka ile kuukuu, ajue huyo angempa kiasi gani mkononi, ndipo aende dukani na fundi wake, aulize bei ya mpya peke yake, na habari ya kuukuu asiitoe mpaka bei ya mpya imekaa. Ikiwa haikukaa, aondoke. Wewe siku hiyo baki nyumbani ulinde mikate isiungue.

Na la mwisho. Unasema mkeo hana muda wa kusoma. Nani kakwambia? Anayekata kurasa ni yeye, na keria yake ataitambua kwenye kichwa cha habari hata kwa jicho moja. Barua yako nimeichapa bila kugusa neno. Jioni ya leo magazeti haya yatabaki kwa muuza magazeti kama kawaida yake, mkeo atayachukua, na kesho saa ya chai wenzako ofisini watafungua mikate yao wakusome wewe. Ukichomoa ukurasa mmoja, ziko nyingine tele.

Kimbia ukamwambie kwa mdomo wako, Bwana Mkate.