Nilizikataa Barua, Sasa Posta Inatukataa

Mshauri wangu wa gazetini, nakuandikia mwenzio nimekwama, na usishangae kuona mwandiko mzuri, maana hapa Skelbeck wanawake tunaojua kushika kalamu tuko watatu na wa kwanza ni mimi, na mwanangu Jethro nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka mitano, hata kasisi alikiri hajaona kichwa kama kile. Jethro ni seremala wa meli huko Liverpool, mwaka wa nne huu, na kabla hajaondoka tulipanga jambo la akili, kwamba atume barua bila kuilipia, ndani karatasi tupu, na habari zote aziweke juu ya bahasha: mstari mmoja chini ya jina langu, yu mzima, miwili, ana kazi, nyota pembeni, amenikumbuka. Amos Tindle, tarishi wetu anayetembea maili saba kutoka mjini, akifika mlangoni mimi naishika, naitazama, nacheka, halafu namwambia, "Irudishe baba, siichukui," kwa sababu ukipokea barua isiyolipiwa unatozwa peni mbili, na si kwamba tunakufa njaa, ila kwa nini nilipie habari niliyokwisha kuisoma? Nikajivuna nayo, nikawafundisha jirani, tukawa nyumba tisa.

Basi mwezi wa tatu akaja mkaguzi wa posta, akahesabu kwa wiki sita barua zinazopokelewa hapa kijijini, na zile tulizozikataa hazikuhesabiwa, akapata kumi na nne tu. Sasa tangazo liko kwenye mlango wa kanisa: kuanzia sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa mwezi wa tisa, Amos haji tena, kila mtu akachukue barua yake mjini, na Bibi Hepziba na miguu ile iliyovimba atavukaje mbuga, na Amos mwenyewe atakula nini?

Tulikutana kwa mhunzi, Obadiah Crake, akapiga fuawe kwa nyundo akasema, "Aliyeanzisha ujanja huu ni nani? Nimjue leo!" Nyumba tisa zikatazama viatu vyao. Mmoja akasema, "Tuache hayo. Mama Jethro ndiye mwenye mwandiko, atuandikie maombi kwa wakubwa wa posta London, aseme mkaguzi alikosea kuhesabu." Wakanipigia makofi. Mshauri, mkaguzi hakukosea.

Tena kuna jambo jingine. Mwezi wa tano Amos alikuja na bahasha yenye jina langu, imetoka Liverpool, haina mstari, haina nyota, mwandiko wa mviringo nisioujua. Akasema, "Mama Jethro, hii nzito. Ichukue." Nikamjibu, "Kama si mwandiko wa Jethro, si barua yangu." Akasema, "Basi nitakulipia mimi." "Unilipie mimi, Amos? Mimi?" Akaondoka nayo. Tangu siku ile ni wiki ya kumi na moja, Jethro kimya. Jirani wakiniuliza nawaambia amepandishwa cheo, hana nafasi. Je, niyaandike maombi wanavyotaka, au niseme ukweli wanichukie?

Mama Jethro, Skelbeck

*

Mama Jethro, pole, na naitoa kwa moyo. Umeniuliza habari ya maombi, habari ya barua umenipitishia tu kama mtu anayepita mlango wa chumba cha mgonjwa. Nitaanza na barua.

Barua iliyokataliwa haitupwi. Inapelekwa London, kwenye ofisi ya barua zilizorudishwa, inafunguliwa ijulikane imetoka kwa nani, kisha anarudishiwa aliyeiandika. Kwa hiyo yuko mtu Liverpool aliyejaza karatasi kwa ajili yako, akarudishiwa, akadhani hutaki kusikia. Waandikie ofisi hiyo leo, taja jina lako na mwezi. Mwandikie na msimamizi wa kiwanda cha meli. Zote mbili zilipie.

Sitakuambia Jethro yu hai, wala sitakuambia vinginevyo. Huenda ameumia mkono, rafiki akamshikia kalamu. Sijui, na wewe hujui, na hapo ndipo ninapokukasirikia. Mwanamke mwenye mwandiko mzuri kijiji kizima, miaka minne umetosheka na mistari! Hujui anakula nini. Hujui nani anamfulia. Hujui hata jina moja la mtu ambaye angekuandikia siku mwanao akishindwa, ndiyo maana mtu huyo alipoandika ulimfukuza mlangoni.

Maombi andika, lakini uongo usiandike. Mkaguzi ana daftari lake, atawaumbua asubuhi moja tu. Sema hivi: barua Skelbeck zinakuja, sisi nyumba tisa tulikuwa tukizikataa, tumeacha, tunaomba mtuhesabu upya. Jina lako liwe la kwanza. Wasomee kwa mhunzi kabla ya kutuma. Crake atafoka, mwache afoke, ana haki. Wengine wanane watatia sahihi, kwa kuwa hata wao wana watoto mbali.

Na Amos akija na bahasha, iwe ya mwandiko wowote, lipa, mkaribishe ndani, umpe kiti. Ifungue akiwa bado ameketi, maana huenda ukahitaji mtu karibu. Fanya haraka, mama. Hadi sikukuu ya Mikaeli zimebaki wiki tisa tu za kuletewa jibu hilo na mtu anayekujua.